Dubai Mall na mahali pa kulala: naomba ushauri

Mama Zuhura, Tanga
Assalamu alaykum ndugu zangu. Mwezi wa saba natarajia kwenda Dubai kwa siku 4 pamoja na mama yangu, ambaye magoti yanamsumbua, na ningependa sana aione Dubai Mall. Je, tuchukue hoteli ya jirani kabisa, au tulale Deira, ambako wafanyabiashara wetu wengi hufikia?

Mzee wa Kariakoo
Wa alaykumu salaam, dada. Laleni Deira, karibu na kituo cha metro cha Union au Al Rigga, kwa kuwa njia nyekundu huwafikisha moja kwa moja bila kubadilisha treni, na vyumba vya huko ni nafuu. Tafuteni behewa la wanawake na watoto.

Bi Salma, Muscat
Kuhusu bei naafikiana naye, lakini magoti ya mama yasisahauliwe. Kutoka kituoni hadi madukani kuna daraja refu lililofunikwa, lenye kiyoyozi na njia zinazojisogeza zenyewe, na hata hivyo shangazi yangu alilazimika kuketi mara mbili, kiatu kimoja mkononi, kabla hatujafika. Siku hiyo chukueni teksi. Maduka yanazidi 1,200, kwa hiyo chagueni sehemu chache tu. Mimi ningeanza na tangi la samaki, ambalo papa wake huonekana kupitia kioo kikubwa bila kulipa chochote.

Mama Zuhura, Tanga
Ahsanteni sana. Basi tutalala Deira, na siku ya madukani tutakwenda kwa teksi.