Migahawa ya ufukweni Dar: bei ya samaki tunaambiwa baada ya kula, huu ni uonevu!

Wakuu, nina hasira tangu Jumapili, leo naitoa hapa.

Mama yangu amekuja kutoka Musoma, bahari hajawahi kuiona. Nikamchukua yeye na wanangu wawili, tukapanda kivuko pale Magogoni, mtu mzima shilingi 200, tukavuka Kigamboni na kuchukua bajaji hadi ufukwe mmoja wenye mgahawa. Getini kiingilio 10,000 kila mkubwa. Mlinzi akapekua kikapu cha mama, akatoa chapati na maji ya watoto. Chakula cha nje hakiruhusiwi. Haya, tukaviacha.

Menyu ikaja. Wali una bei, chipsi zina bei, hadi soda. Kwenye samaki wameandika "kulingana na ukubwa". Namuuliza mhudumu, changu wawili wa wastani shilingi ngapi? "Usijali bosi, tutaelewana." Nikaomba niwaone kabla hawajakaangwa, akasema mteja haingii jikoni.

Tumekaa saa moja na nusu, watoto wanalia njaa. Samaki walipofika, mama, ambaye amepara sato tangu akiwa binti, akambonyeza changu mgongoni kwa kidole. Nyama ikamomonyoka yote ikaachana na mfupa. Akanusa kidole, akaniambia taratibu, "Mwanangu, huyu kalala siku nyingi." Akala ugali kwa kachumbari, akasema ameshiba. Najua hakushiba.

Bili sasa. Samaki wawili 90,000. Kibanda tulichokalia 20,000, na hakuna aliyetuambia kinalipiwa! Yote imeandikwa kwa kalamu kwenye kipande cha karatasi. Nikadai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, eti mashine mbovu. Nililipa kwa sababu sikutaka kugombana mbele ya mama.

Pale Feri, soko la samaki, unachagua changu wako mwenyewe, unafunua mashavu uone kama bado mekundu, mnapatana bei, vijana wanampara, unampeleka kwa wakaangaji palepale. Muuza mihogo wa Coco Beach anakutajia bei kabla hajakuwekea kachumbari na pilipili. Wewe mwenye geti na walinzi unashindwa nini kununua mzani? Mlete samaki mezani akiwa mbichi, mpime, sema kilo ni kiasi gani, nikubali au niondoke zangu. Na asije mtu hapa kuniambia "kama huna hela kaa nyumbani". Hela ninayo na nimelipa. Ningeambiwa mapema kuwa samaki mmoja ni 45,000 ningeamua mwenyewe. Kunificha hadi nimalize kula ni kuniibia.

Wanaojua sehemu ya ufukweni, iwe Kigamboni, Mbezi au Kunduchi, wanapomwonyesha mteja samaki na bei kwanza, tajeni hapa tuhamie huko.

Mama anaondoka Alhamisi. Jumatano alfajiri nampeleka Feri, achague samaki kwa mkono wake.