Naomba ushauri: simu ya nyumbani kwa ajili ya mama (Columbus, Ohio)

Mzigo_Mzito: Habari zenu wakuu. Mama amekuja kuishi nasi, ana presha na kisukari, Kiingereza hajui. Mimi na mke wangu wote tuna zamu za usiku. Nataka simu ambayo akizidiwa anabonyeza 911 (namba ya dharura) basi. Ya waya au ya intaneti? Nina wasiwasi kweli, matani pembeni.

Kata_Shauri: Mnunulie simu ya mkononi, uzi ufungwe.

Mama_Twalib: Mwanangu, mzazi mgonjwa mnamwachaje peke yake usiku? Wangu alipokuja Minnesota nilihamia kulala sebuleni. Na bado siku moja nilimkuta na rimoti ya tivii sikioni, anamgombeza mjomba wa Tanga kwa kutopokea.

Fundi_Nyaya: Turudi kwenye swali. Waya wa shaba unaleta umeme wake kutoka kwa kampuni, kwa hiyo nyumba ikiwa giza simu bado inafanya kazi. Ya intaneti, ruta ikizima nayo imezima. Ukichukua simu kwa kampuni inayokuletea intaneti, ulizia betri ya akiba ya saa 24. Hadi Septemba 2025 sheria iliwataka wawe nayo ya kukuuzia. Simu ya mkononi hata isiyo na laini inapiga 911, ila ikikatika hawawezi kukurudia. Wewe kifaa umeshapata? Kiko kwa anwani ya nani?

Mzigo_Mzito: Anwani inahusu nini mkuu? Mimi naulizia ubora.

Fundi_Nyaya: Jibu kwanza.

Mzigo_Mzito: Ni kiboksi cha simu ya intaneti cha kaka yangu wa Dallas, Texas, kanitumia. Bei yake ni kama bure, na namba hiyo ukoo mzima wanayo. Ya waya nimeshaikata. Kwani 911 si watamuuliza yuko wapi?

Fundi_Nyaya: Atawajibu kwa lugha gani, tena pumzi zimembana? Kiboksi kinafuata anwani iliyoandikishwa. Simu yake itapokelewa Texas. Piga 933, namba ya kujaribia 911, uone; kampuni nyingi inakusomea anwani yako.

Jicho_Kali: Hadithi hii naijua. Juzi ilikuwa kiboksi cha shemeji, leo cha kaka. Huyu dalali, subirini aweke bei.

Kata_Shauri: 😂😂 Nami nilishangaa, mke na mume wote usiku halafu uzi kauandika saa nane za usiku.

Mzigo_Mzito: Niko mapumziko kazini! Niuze kitu ambacho mnanishambulia nacho? Mke wangu yuko off leo, nimemwambia apige hiyo 933. Imesoma mtaa wa kaka. Nimempigia kaka, anasema nenosiri la akaunti kalisahau.

Mama_Twalib: Mlaze mama chumba cha karibu na mlango, wakija wasihangaike.

Fundi_Nyaya: Kaka apige huduma kwa wateja wabadilishe anwani, kisha rudia 933. Kabla ya hapo chomoa, mwachie mama simu ya mkononi yenye chaji. Mfundishe aseme "Swahili". Vituo vingi vinaunganisha mkalimani kwa simu.

Mzigo_Mzito: Na namba ya Dallas itabaki? Nyumbani wameshaizoea.

Fundi_Nyaya: Itabaki.

Jicho_Kali: Bei bado hujataja.