Fib ya OpenMP kwenye kori 8 inazidiwa na ya thredi moja, kwanini?

kijana_wa_C: Wakuu habari za mchana, naomba msaada. Nina fanksheni ya fib (namba za Fibonacci) kwa C, ile inayojiita yenyewe, nimetumia OpenMP ya kugawia thredi nyingi kazi, kila mwito nimeuwekea omp task (unakuwa taski, kazi ndogo inayoweza kuchukuliwa na thredi yoyote) na chini yake taskwait (subiri taski hizo ziishe), sasa nikiipa 40 inachelewa kuliko ile isiyo na OpenMP kabisa!! na nikicheki top (ile programu ya kuonyesha matumizi ya CPU) kori zote 8 ziko asilimia 100, zinafanya nini sasa?

binti_linuksi: Zinahangaika kugawana kazi mkuu. fib(40) ya hivyo inajiita zaidi ya mara milioni 331 na wewe kila mwito umeufanya taski, taski moja itengewe memori, ipangwe foleni, ichukuliwe, mzazi aisubiri, yote hayo kwa ajili ya kujumlisha namba mbili. Ni msimamizi wa saiti anayeandika risiti kwa kila tofali. Weka kikomo, n ikishuka chini ya 20 ita fib ya kawaida, taski zitabaki kama elfu 57 na kori 8 hazitakosa kazi.

kijana_wa_C: Si naweka tu final(n<20), yaani chini ya 20 taski zisiende tena foleni, yaishe?

binti_linuksi: Haiishi. Inapunguza tu, maana hata huko chini kila mwito bado unapitia maktaba ya OpenMP. Andika fanksheni ya pili isiyo na pragma (mistari ya maagizo ya OpenMP) hata moja.

babu_thredi: Dada kasema kweli ila msije mkaikariri hiyo 20. Ukipandisha kikomo mpaka 38 unabaki na vipande 5 tu vya kazi yenyewe, tena havilingani, kori 3 zinakaa bure. Wenzetu wa Java kwenye ForkJoin (mfumo wao wa kugawa taski) wanaelekezwa taski iwe na hatua kati ya 100 na 10,000 hivi, halafu kuna getSurplusQueuedTaskCount, thredi inaangalia imelimbikiza taski ngapi kuliko wenzake wanavyoweza kuja kuiba (kuzichukua wazifanye wao), zikizidi kama 3 inaacha kugawa inapiga kazi yenyewe, hiyo naipenda kuliko namba ya kubahatisha. Kama ni lupu usihangaike hivyo, tumia taskloop (inakata lupu kuwa taski) na grainsize (ukubwa wa kila kipande), ukiweka 1000 kila taski inabeba mizunguko kuanzia 1000 ila haifiki 2000. Na fib yenyewe kwa lupu ya kawaida ni kujumlisha mara 39 tu, thredi za nini??

kijana_wa_C: Hahaha najua babu, mwalimu ndo kataka hivyo. Nimeweka 20 na fanksheni mbili, sasa inakimbia balaa, ngoja nijaribu 15 na 25 nione