Tupeane uzoefu: Uliposhikwa na hasira au wivu, moyo wako ulikuwa unataka nini?

Mkazi wa Langalanga, Nakuru: Jumapili tulisoma Mwanzo 4, Mungu anapomuuliza Kaini kwa nini ana ghadhabu na uso wake umekunjamana. Swali hilo liliulizwa nduguye Habili akiwa bado hai, kabla Kaini hajamuua. Wenzangu, nani amewahi kuulizwa mapema hivyo?

Mama Omena, Kisumu: Mimi niliulizwa na mama mkwe. Jirani yangu sokoni Kibuye alikuwa akijaza gorogoro, lile kopo la kupimia, hadi omena (dagaa) zinamwagika pembeni, kisha anaongeza konzi nyingine, na wanunuzi wakipita mbele yangu wanamsifu kwa sauti. Nilikuwa nimekwisha kupanga maneno ya kumvunjia heshima mbele ya watu. Mama akaniambia, "Hesabu pesa zako kwanza." Nikahesabu, na mauzo yalikuwa yaleyale. Basi nilichokuwa nikililia ni zile sifa! Usiku nilisoma 1 Samweli 18 nikamwona Sauli, ambaye Daudi hakumnyang'anya chochote siku ile. Wanawake waliimba tu kwamba Sauli ameua elfu zake na Daudi makumi elfu, naye Sauli akaanza kumwonea wivu.

Mwalimu mstaafu, Kakamega: Ni kweli kabisa, mama.

Fundi wa Bondeni, Nakuru: Wapendwa, tusiwabebeshe watu mizigo. Tajiri wangu alininyima malipo ya kazi niliyoimaliza, na mzee wa kanisa akaniambia nichunguze moyo wangu. Kwa nini asichunguzwe tajiri? Katika Marko 3:5 Yesu mwenyewe aliwakazia watu macho kwa hasira.

Mwalimu mstaafu: Ndugu fundi, hata mwenye haki huulizwa. Nabii Yona aliulizwa na Mungu mara mbili kama anatenda vema kukasirika.

Fundi wa Bondeni: Mara ya pili Yona alikasirikia mtango uliomtilia kivuli ukanyauka, mwalimu. Mimi nadai karo ya watoto.

Baba Pacha, Bungoma: Waefeso 4:26 inasema jua lisichwe tukiwa na uchungu, lakini mke wangu hushikilia Zaburi 4:4, tutafakari vitandani na kutulia. Kwetu hulala kwanza.

Dada wa Milimani, Kisumu: Msilale! Malizeni kabla ya chakula. Mama Omena, yule jirani alijua?

Mama Omena: Hajui, na msimwambie.

Mwalimu mstaafu: Fundi, umefika ofisi ya leba, ya malalamiko ya wafanyakazi?

Fundi wa Bondeni: Nimefika, wamenipa tarehe. Lakini hoja yako ya Yona bado siikubali.