Seva iko Tukuyu, mimi niko Mbeya mjini: niichungeje?

Wakuu, seva yetu ya Debian (mfumo endeshi wa Linux) iko Tukuyu. Juzi mvua ilinyesha usiku kucha. Asubuhi nikakuta logi (kumbukumbu za matukio ya seva) zimejaza diski asilimia 100, hifadhidata imelala. Wateja walijua kabla yangu, imeniuma sana. Niichungeje nikiwa mbali?

Jibu: Pole sana, mkuu. Weka node_exporter, programu ndogo ya kupima hali ya seva, inatoa vipimo kwenye poti 9100 (mlango wa mtandao). Usiiache wazi kwa intaneti, ipitishe ndani ya WireGuard (VPN, njia ya siri ya mtandao). Prometheus, inayokusanya vipimo hivyo na kutoa tahadhari, ikae huko Mbeya. Ikikaa kwenye seva hiyohiyo, seva ikizimika nani atakuambia?

Jibu: Tahadhari ya diski iweke itoke ikijaa asilimia 80. Afya ya diski yenyewe ipime kwa smartctl, amri ya kusoma hali ya diski.

Muulizaji: Asanteni. WireGuard imeshika, nasoma joto la prosesa nikiwa Mwanjelwa, hapa Mbeya mjini: nyuzi 41.