Mjadala: Mwenye mshahara alipwe tena kwa sababu amekaa kwenye kiti?

Ndugu zangu, naomba tulijadili hili bila matusi. Msimamo wangu ni kwamba posho ya kikao ifutwe kwa kila anayelipwa mshahara wa serikali, kuanzia mbunge mpaka sisi walimu. Sigusi posho ya kujikimu. Mtu akitoka Songea kwenda Dodoma kikazi lazima ale na alale, hiyo ni haki yake. Nazungumzia ile ya kulipwa kwa kuketi.

Kilichonichoma ni semina. Tuliitwa walimu wa uraia wa wilaya nzima, mada uzalendo. Mwezeshaji alijua kazi yake, tukaimba wimbo wa taifa tumesimama wima. Mkono wa kwanza kunyooshwa ukauliza, "Nauli tunasaini saa ngapi?" Saa sita mhasibu akaingia na bahasha zake. Mwezeshaji alikuwa katikati ya habari za wazee waliojitolea kwa nchi hii, na ukumbi mzima ukageuza shingo mlangoni kama mashabiki wanaofuata mpira. Tulicheka, hata yeye alicheka. Lakini baada ya chakula, kati ya arobaini tuliosaini, tulirudi kumi na mmoja. Wale wengine Jumatatu walikuwa mbele ya watoto wetu wakifundisha kujitolea.

Tuliwahi kuwa na kipimo kingine. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam waliandamana mpaka Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), moja likiwa kwamba wangelipwa asilimia 40 tu ya mshahara. Nyerere akawafukuza zaidi ya 300. Watu hukumbuka kufukuzwa huko. Mimi nakumbuka zaidi kwamba papo hapo alikubali kuwa mishahara ya wakubwa ilikuwa mikubwa mno, akakata wa kwake kwa asilimia 20. Februari 1967 likaja Azimio la Arusha, na moja ya masharti yake kwa kiongozi ni kutokuwa na mishahara miwili. Masharti hayo yalilegezwa mwaka 1991 katika kikao cha CCM kilichofanyika Zanzibar.

Sasa nielezeni, posho ya kikao ni nini kama si mshahara wa pili? Mwaka 2011 mbunge Zitto Kabwe alikataa kupokea yake, na wengi tukadhani mambo yataanza kugeuka. Kabla mwaka haujaisha posho hiyo ikawa imepanda kutoka shilingi 70,000 hadi 200,000, na Spika Anne Makinda akaitetea kwa hoja ya ugumu wa maisha Dodoma. Dodoma hiyohiyo wanaishi manesi na walimu, wananunua unga sokoni kulekule. Januari 2012 madaktari wakaanza kugoma wakidai maslahi bora.

Halafu Bunge Maalumu la Katiba, 2014. Wajumbe zaidi ya 600, kila mmoja shilingi 300,000 kwa siku. Pigeni hesabu, ni zaidi ya milioni 180 kila jua likichwa. Kabla hata ibara moja haijajadiliwa, wapo waliosema haitoshi, na kamati ikaundwa kuliangalia suala hilo! Katiba Inayopendekezwa ikapitishwa Oktoba, na kura ya maoni iliyopangwa 30 Aprili 2015 haikufanyika. Posho zilishalipwa.

Najua hoja ya upande wa pili, na siidharau: mbunge naye tunamla. Akishuka tu kwenye gari kijijini, huyu ana jeneza, yule ada, vijana jezi, kanisa mabati, msikiti zulia. Mkono mtupu haulambwi. Hatumuulizi alisema nini kwenye bajeti. Tuliwahi hata kuwa na takrima, yaani mgombea kuwakirimu wapiga kura, ndani ya sheria ya uchaguzi, mpaka Mahakama Kuu ilipoitengua mwaka 2006. Kwetu nimeona mtu akiitwa mzalendo wa kweli kwa sababu alitoa ng'ombe msibani, na barabara ya kwenda zahanati haipitiki masika yote. Nakubali tumemlea hivyo. Ila ng'ombe yule alinunuliwa kwa kodi yetu, iliyokwenda Dodoma ikarudi kijijini na jina la mtu.

Wenzangu walimu wataniambia mshahara hautoshi, posho ndiyo inayolipa kodi ya nyumba. Kweli, na nyumba ninayokaa mimi pia ni ya kupanga. Lakini pensheni yetu inakokotolewa kwa mshahara. Bahasha ya semina haimo. Tukiridhika na bahasha tunaacha kudai kile kitakachotulisha uzeeni, na anayetupa bahasha ndiye anayechagua nani aitwe na nani aachwe. Ndiyo maana ofisini watu hununiana kwa majina ya semina kuliko kwa jambo lingine lolote.

Pa kuanzia ni juu, alipoanzia Nyerere. Bunge lifute yake, na yote yafanyike mbele ya wananchi, kisha wizara, kisha halmashauri, kisha sisi.

Anayepinga namuomba anijibu hili tu. Mkulima anaitwa mkutano wa kijiji, anaacha palizi, anakaa juani kuanzia saa nne mpaka saa tisa kujadili ujenzi wa choo cha shule, na kesho yake anakwenda kuchimba msingi. Yeye anasaini wapi?