Tanki la kwanza la maji ya chumvi, lita 200, Ntinda: naomba ushauri kabla sijaagiza samaki

tanki_jipya
Ndugu zangu, salaam. Nataka kuanzisha tanki la samaki wa baharini hapa Ntinda, Kampala, nyumba ya chini, sakafu ya saruji. Fundi wa kioo amenipimia sentimita 100 kwa 50, kimo 45, na chini yake tanki dogo la pampu. Samaki watatoka Mombasa kwa basi. Kuna anayeniambia chumvi ya Katwe inafaa kwa kuwa ni ya asili na bei yake nafuu. Ni kweli? Mawe je, ya chokaa kutoka Tororo yatafaa? Umeme ukikatika usiku kucha nifanyeje? Samaki ninaowataka ni klauni wawili na yule wa bluu mwenye mkia wa njano, pamoja na anemoni, yule mnyama wa baharini anayefanana na ua. Naweza kuwaleta wote kwa safari moja?

chumvi35
Karibu sana. Nianze na chumvi. Ya Katwe usiitie kabisa. Maji ya Ziwa Katwe, kule magharibi mwa Uganda, yamejaa kabonati na salfeti za sodiamu, pH yake inakaribia 10, na kalsiamu na magnesiamu ni haba mno. Baharini pH ni kama 8.1 hadi 8.3, kalsiamu karibu miligramu 420 kwa lita, magnesiamu karibu 1,300. Kwa hiyo hata ukipata uchungu uleule mdomoni, samaki na matumbawe watakuwa ndani ya maji mengine kabisa. Chumvi ya mezani nayo ni sodiamu kloridi tupu pamoja na madini joto.

Nunua chumvi iliyotengenezwa kwa akwariamu za bahari. Inaingia gramu 36 hadi 40 kwa lita, kutegemea kampuni, basi kwa kujaza mara ya kwanza weka bajeti ya kilo 8. Ukibadilisha lita 20 kila wiki, utakula kama gramu 750. Hesabu hii fanya sasa, kwa sababu chumvi ikiisha dukani Kampala huwezi kuazima kwa jirani.

Maji ya bomba yapitishe kwanza kwenye mashine ya RO (inayochuja maji kwa utando) yenye resini mwishoni, mpaka kipimo cha TDS, yaani cha madini yaliyoyeyuka, kisome 0. Mashine hiyo inataka mgandamizo wa baa 3 na zaidi. Kama bomba lako linatiririka kivivu, ongeza pampu ndogo ya kusukuma, la sivyo utamwaga maji mengi na kupata kidogo. Chumvi itie kwenye maji, usimwage maji juu ya chumvi: ikikutana na maji machache kalsiamu huganda na kuwa unga mweupe usioyeyuka tena. Koroga kwa pampu hadi maji yawe maangavu kabisa, yakiwa nyuzi 25. Pima kwa refraktomita, kifaa cha kupima chumvi ya maji, iliyosawazishwa kwa myeyusho wa 35 (gramu za chumvi kwa kila kilo ya maji). Lengo ni 35, yaani uzito linganifu wa 1.026 hivi.

Na maji yanayopungua kwa kukauka yafidie kwa maji ya RO yasiyotiwa chumvi. Chumvi haipai na mvuke. Zikikauka lita 10 kwenye tanki la 200, umetoka 35 ukaingia karibu 37.

fundi_kioo
Kuhusu tanki lenyewe: kwa vipimo hivyo kioo kiwe milimita 10, na juu pawe na mikanda ya kioo kwenye pande ndefu. Silikoni iwe ya akwariamu, isiyo na dawa ya kuzuia ukungu. Zile za bafuni nyingi zina dawa hiyo na huua. Iache ikauke wiki nzima, kisha jaza maji ya bomba tu na uangalie siku tatu kabla ya kutia hata punje ya chumvi.

Uzito: maji, kioo, mawe na mchanga vinafika karibu kilo 300. Kwa mafundi wa chuma wa Katwe ya hapa Kampala agiza meza ya bomba za mraba za milimita 40 kwa 40, ipakwe rangi mara mbili, maana chumvi hula chuma kisicho na rangi. Pima usawa kwa pimamaji kabla ya kuweka tanki. Chini ya kioo tandika povu gumu la sentimita moja.

Sasa tanki la chini. Uso wa tanki lako ni sentimita 100 kwa 50, kwa hiyo kila sentimita moja ya maji ni lita 5. Umeme ukikatika, mdomo wa bomba la kurudisha maji unageuka kuwa mrija wa kunyonya na kuyateremsha chini. Mdomo ukikaa sentimita 4 chini ya uso, zinashuka lita 20. Tanki la chini lazima liwe na nafasi ya hizo 20 pamoja na yaliyo kwenye mabomba, vinginevyo sebule itakuwa bahari. Weka valvu ya njia moja kwenye bomba la kurudisha.

chumvi35
Fundi, kwenye valvu sikubaliani nawe. Konokono mdogo au uchafu ukikwama pale, haifungi. Toboa tundu la milimita 6 kwenye bomba la kurudisha, chini kidogo ya uso wa maji, ili liingize hewa na kukata mnyonyo. Tundu hilo lisafishe kila mwezi, mwani huliziba. Kisha fanya jaribio: zima swichi kwa mkono na tazama maji ya chini yanaishia wapi. Yakimwagika, punguza kiwango hadi yasimwagike.

mwamba_hai
Mawe ya Tororo yaache. Miamba ya kule ina madini ya fosfati na chuma, nayo fosfati ndiyo chakula cha mwani. Tafuta mawe makavu ya kalsiamu yaliyouzwa kwa kazi hii, kilo 15 hadi 20. Mchanga wa aragonaiti, sentimita 3 zinatosha. Mtu akikupa vipande vya matumbawe hai au mawe hai kutoka pwani, omba karatasi: matumbawe magumu yamo kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na yanavuka mpaka kwa kibali tu.

Kisha subira. Tanki lisilo na bakteria haliwezi kumeza choo cha samaki. Tia amonia safi hadi miligramu 2 kwa lita. Ukitikisa chupa na povu likabaki juu, ina sabuni, usiitumie. Bakteria wataigeuza kuwa nitriti, wengine wataigeuza nitriti kuwa nitrati. Kwa mawe makavu kazi hii huchukua wiki 4 hadi 6. Umefika pale dozi ya 2 inapotoweka ndani ya saa 24, amonia 0 na nitriti 0. Anayekuambia samaki waingie kesho yake anauza samaki.

Vifaa: taa, hita ya wati 200, skima (kifaa kinachotoa uchafu kwa povu) ya tanki la lita 250 hadi 300, pampu ya kurudisha lita 2,000 kwa saa, na pampu moja ya mawimbi ya lita 4,000. Hivi vyote kwa pamoja vitakula uniti 3 hadi 4 za Yaka, umeme wa kulipia kabla, kwa siku.

umeme_na_maji
Umeme ukikatika, hofu yetu kubwa ni oksijeni. Joto la Kampala linashuka polepole, na tanki likifika 22 kwa usiku mmoja samaki wenye afya watavumilia. Lakini tuko mita 1,200 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi. Maji ya bahari ya nyuzi 25 yanashika kama miligramu 6.7 za oksijeni kwa lita pale Mombasa, hapa ni kama 5.8. Unaanza na pungufu.

Betri ya volti 12, Ah 100, ukitumia nusu yake tu, ina wati-saa 600. Pampu ya mawimbi ya wati 10 itazunguka siku mbili. Taa, hita na skima ziache zilale. Kwa bajeti ndogo, pampu ya hewa ya betri inayojiwasha yenyewe umeme ukikatika itakuvusha usiku. Kila waya uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda, tone la maji ya chumvi lidondoke sakafuni.

tanki_jipya
Asanteni sana. Na orodha ya samaki ninaowataka je? Na begi likikaa kwenye basi siku nzima?

mwamba_hai
Yule wa bluu, Paracanthurus hepatus, hufika sentimita 30 na ni muogeleaji wa mbali. Mita moja ni kifungo kwake. Rangi ya bluu na machungwa unaweza kuipata kwa Centropyge acanthops, samaki wa pwani yetu ya Afrika Mashariki asiyezidi sentimita 8. Aingie wa mwisho, ana ubabe wa eneo. Klauni ukiagiza waliovuliwa Kenya, usitegemee Amphiprion ocellaris, hawapatikani kule. Utaletewa A. akallopisos mwenye mstari mweupe mgongoni, mpole, au A. allardi, mkubwa na mkali. Chukua akallopisos wawili wadogo, mmoja atakua na kuwa jike. Anemoni ingoje angalau miezi 6, na pampu zote ziwe na kizuizi, kwani anemoni hutembea na kusagwa.

Safari moja haiwezekani, ssebo. Konokono kwanza, klauni baadaye, wa tatu mwezi mmoja mbele. Kila samaki akae karantini siku 30 kwenye tanki tupu la lita 50 lenye vipande vya bomba la PVC. Doadoa nyeupe zikionekana, dawa ya shaba itiwe huko huko. Ikigusa mawe ya tanki kuu, konokono na kamba hawataishi humo.

Begi: samaki anapumua, kaboni dioksaidi inashusha pH, na amonia iliyokusanyika inakaa katika hali isiyo na sumu kali. Ukilifungua, gesi inatoka, pH inapanda, amonia inageuka sumu ndani ya dakika. Kwa hiyo usidondoshee maji ya tanki kwa saa mbili begi likiwa wazi. Muulize muuzaji chumvi ya maji yake ni ngapi, weka karantini namba hiyo hiyo mapema. Acha begi lielee juu ya maji likiwa limefungwa dakika 20, taa zimezimwa, kisha fungua, mchukue kwa kikombe, mwingize. Maji ya begi yamwage. Chumvi ya karantini ipandishe taratibu siku zinazofuata.